Namna ya Kutoboa kwa Kuchakaza Mkanda

Kila msanii anataka kutoboa, na wengi hutafuta njia ya mkato: biti ya kununua, kiitikio cha maneno manne, na programu ya kunyoosha sauti iliyopinda. Mwongozo huu hauwahusu hao. Unahusu njia waliyopita wanabendi wa Queen wa Uingereza mwaka 1975: ndefu, ya gharama, na ambayo mhasibu yeyote mwenye akili timamu angeikataa.

Anza kwa kuzaliwa mahali panapofaa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akajifunza piano akiwa shule ya bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ikahamia Uingereza, ambako baadaye alijiita Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Kama wewe ni wa Morogoro, usijali. Mji wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe hauhitaji kutetewa, na wale wenzake Mercury watatu hawakuzaliwa Unguja lakini bado walilipwa.

Pili, usinunue gitaa. Mwombe baba akusaidie kulichonga. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alianza kazi hiyo na mzee wake mwaka 1963, wakatumia ubao wa meko kuukuu, springi za pikipiki, chuma cha baiskeli na kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Iliwachukua kama miaka miwili. Likishakamilika, lipige kwa sarafu ya peni sita, maana kipande cha plastiki hupinda, na wewe hukuja mjini kupindapinda.

Amplifaya nayo iokote. John Deacon, mpiga besi aliyesomea elektroniki, aliona saketi imetupwa kwenye taka za London, akaichukua na kuitia ndani ya kasha dogo la spika. Ilitumia betri na haikuwa na kitufe hata kimoja cha kurekebisha sauti. Mtu wa kawaida angeirudisha jalalani. May akaitumia katika "Good Company" kuigiza bendi nzima ya jazi, tromboni na klarineti zikiwamo, akijenga noti baada ya noti, na hakumlipa mpuliza tarumbeta hata mmoja. Hapo naona wivu kidogo.

Sasa hamia shamba. Rockfield, huko Wales, ni studio iliyojengwa kwenye shamba la mifugo, na ndiko "Bohemian Rhapsody" ilikoanza kurekodiwa. Hakikisha wenzako hawajui wimbo unaelekea wapi. Mercury alimpigia prodyuza Roy Thomas Baker mwanzo wake kwenye piano, akafika mahali akasimama, akamweleza kwamba hapo ndipo opera itaingia. Baker alicheka. Nawe utafute prodyuza anayecheka. Anayeuliza bajeti atakuchelewesha.

Baada ya hapo, imbeni. Mashine ya kurekodi ina njia 24 tu za sauti, nanyi ni waimbaji watatu mnaotaka kusikika kama umati wa jumba la opera. Mercury anashika sauti ya kati, May ya chini, na Roger Taylor, mpiga ngoma, anapanda juu hadi mbwa wa jirani wanajibu. Kila mstari mnauimba pamoja, mnaurudia, mnauongezea sauti nyingine. Njia zikijaa, zichanganyeni, mzihamishie kwenye njia chache, kisha mjaze upya zilizobaki wazi. Fanyeni hivyo saa kumi, hata kumi na mbili kwa siku, mpaka sauti zilizopandishwa zikaribie 180. Tatizo ni kwamba kila mkanda unapopita kwenye mashine hupukutisha unga wake wa sumaku. Baker alikuja kuuinua kwenye mwanga, akaona upande wa pili.

Mwenye kompyuta atacheka, kwa kuwa kwake hakuna kinachopukutika. Ndiyo maana ana matoleo mia ya kiitikio kimoja na bado hajachagua. Mkanda unaokonda mbele ya macho yako ni meneja mkali kuliko wote: unaimba vizuri sasa hivi au unaukosa wimbo.

Wimbo ukiisha una dakika 5 na sekunde 55, na wakubwa watasema ni mrefu mno kwa redio. Usibishane nao. Mpe nakala mtangazaji mtundu, kisha umkataze kuipiga. Kenny Everett alikatazwa hivyo, akaipiga mara 14 katika siku mbili. Wimbo ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Ukifika hapo, kaa ungoje kuigwa. Muse watapanga ukuta wa sauti na magitaa kama wako. My Chemical Romance watatoa albamu nzima ya maonyesho mwaka 2006. Binti mmoja wa New York atachukua jina la kisanii, Lady Gaga, kutoka kwenye wimbo wako mwingine. Vijana wengine watabonyeza kitufe kimoja na kupata kwaya ya watu wengi kabla chai haijapoa.

Wewe endelea kujigamba. Majalada ya albamu za Queen za miaka ya sabini yalitangaza kwamba hakuna sintesaiza iliyotumika, kusudi msikilizaji ajue yale yote ni vidole na makoo ya watu. Tangaza hivyo kwa miaka kadhaa, kwa herufi zinazosomeka. Kisha, kama wao walivyofanya kwenye albamu ya 1980, nenda dukani ukanunue sintesaiza.