Jini la Lita 100

Saa nane usiku, nyumba imelala, kompresa iliyoko bandani ikajiwasha. Banda nilikuwa nimelifunga kufuli kwa mkono wangu, na ufunguo ulikuwa chini ya mto. Dude likanguruma dakika mbili tatu, mabati yakatetemeka, mbwa wa mtaa wakaitikia, kisha likazima lenyewe. Gizani kikabaki kisauti chembamba, kama cha chatu aliyeudhiwa: psssssss.

"Mume wangu," mke wangu akasema bila kufumbua macho, "mgeni wako anapumua."

Mgeni mwenyewe nilimnunua Gerezani, kwa kijana mwenye ulimi wa asali. Mimi ni seremala wa uani, Tabata, natengeneza vitanda na makabati, na nilishachoka kupaka vanishi kwa brashi wakati wenzangu wa Keko wanapuliza kwa spreya na kabati linatoka linang'aa kama kioo. Kijana akanisomea sifa: tangi lita 100, mota hosipawa 3, "imetoka Ulaya juzi tu, mzee wangu, hata vumbi lake ni la kule." Nikauliza kama imeshawahi kufunguliwa. Akaapa kwa mama yake. Baadaye niliona kichwa cha mashine kina boliti nne za saizi nne, lakini mama yake sina ugomvi naye.

Tuliijaribu palepale. Geji ikapanda hadi 8, mota ikajizima, ikaanza kulia. Nikauliza, mbona inalia? "Hiyo ni breki," akasema. Nikalipa. Nikakodi kirikuu, nikakaa nyuma nimeikumbatia mpaka nyumbani.

Sasa, kompresa yoyote nzima mota ikizima hutoa pss moja fupi, kama mtu anayekunyamazisha msikitini. Hiyo ni halali. Ya kwangu ilikuwa haina nukta. Ililia hadi geji ishuke kwenye 6, mota ikadhani kuna mtu anapiga rangi, ikawaka kujaza tena. Ndiyo saa nane. Ndiyo saa tisa na robo. Uniti za LUKU tulizozoea kula wiki mbili zikaisha siku ya tano, na bibi muuza vitumbua wa nyumba ya pili, anayeamka alfajiri kukoroga unga, akawa ameshautangazia mtaa mzima kwamba nimeleta jini.

Usiku uliofuata nikachomoa waya ukutani. Mtaa ukalala. Asubuhi nachomeka, mota ikagoma kuzunguka: mmmmmm, taa za sebuleni zikafifia, mke wangu akanitazama.

Nikamwita fundi umeme. Fundi umeme akisikia mmmmm haulizi swali la pili. "Kapasita." Akaitoa ya zamani, na kwa kunionyesha jinsi ilivyochoka akashika ncha zake mbili kwa vidole. Kumbe haikuchoka. Alirudi hatua tatu kinyumenyume bila kugusa ardhi, nadhani, akakaa kwenye kitanda cha mteja. Alipopata sauti akafunga kapasita mpya na kunigombeza kuhusu waya wangu mwembamba wa kuvuta umeme kutoka sebuleni, kwamba unainyima mota nguvu. La waya alisema kweli, na niliubadilisha. Mota ikawa inawaka vizuri. Jini likabaki palepale.

Akaja fundi pancha. Yeye dunia yote anaiona kama mpira wenye tundu, kwa hiyo alikuja na beseni la povu na sponji. Akaisabuni mashine kutoka kichwani hadi magurudumuni, mimi namshikia beseni kama mama mzazi. Mapovu mawili yakatokea kwenye viungo vya mpira, tukakaza. Akafungua koki ya chini ya tangi, na hapo ndipo nilipoumia: maji yenye kutu, rangi ya chai kavu, yakatiririka karibu kujaza ndoo. Nilijua hewa ya Dar ina unyevu na kwamba ukiikandamiza hutema maji, ila hesabu ile ilikuwa ya mtu ambaye hajafungua koki tangu utoto wake. Kijana aliniuzia lita 100 za upepo. Robo tatu ya ndoo ilikuwa supu. Tulipochungulia tundu la kuvutia hewa, chujio hakuna, na pembeni dondora wamejijengea kinyumba cha udongo. Udongo mwekundu. Wa Ulaya, bila shaka.

Mwisho povu likafika chini ya swichi ya presha, kwenye katundu kadogo, likachemka. "Upepo unatokea hapa," fundi pancha akasema, "ugonjwa uko hapa." Nani angebisha? Nilinunua swichi mpya kwa hela ya mbao. Ikalia vilevile, labda kwa sauti nzuri kidogo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa mafriji, aliyekuja kuulizia bei ya kabati. Alisimama, akasikiliza, akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameuliza: "Inalia ikiwa inazunguka, au ikishazima?"

"Ikishazima, mzee."

Akacheka. Kale katundu, akanieleza, ni kazi yake kutoa upepo. Mota ikizima, swichi inaachia upepo uliobaki kwenye bomba kati ya kichwa na tangi, ili safari ijayo mota isianze kazi na mzigo kifuani. Bomba ni dogo, likishapumua linanyamaza. Likiendelea kupumua, basi upepo unatoka tangini na kurudi kinyume, na wa kuuzuia ni kavavu kamoja kanakokaa pale bomba linapoingia kwenye tangi. Yeye alikaita chekivavu. "Swichi yako ni mlango tu. Mwizi yuko ndani." Na ile mmmmm ya asubuhi? Ni mwizi huyohuyo: tangi lilikuwa linaukandamiza upepo urudi kichwani, mota inasukuma ukuta.

Akaniamuru nitoe upepo wote tangini kabla ya kugusa spana, akasimamia mpaka geji ikalala. Tukafungua. Ndani kulikuwa na kipira cha ukubwa wa kifungo cha shati, kimeliwa upande mmoja.

Akasema kanunue kipya. Akaondoka. Mimi, ambaye nilishanunua kapasita, waya na swichi, nikatazama kandambili yangu ya kushoto.

Nilikata kiduara kizuri kabisa. Jini likanyamaza, nikamwita mke wangu aje asikilize kimya. Tulikisikiliza kama dakika arobaini, nikipiga vanishi kwa madaha, mpaka ikaja harufu ya mpira unaoungua. Upepo unaotoka kichwani mwa kompresa ni wa moto, lile bomba la shaba huwezi kulishika. Kandambili ilikuwa imegeuka uji. Kwa wiki nzima makabati yangu yalinukia bafuni.

Chekivavu mpya ilikuwa shilingi elfu kumi na tano. Usiku ule niliamka saa nane kwa mazoea, nikatoka na tochi kuangalia geji. Saa mbili usiku niliiacha kwenye 8. Ilikuwa kwenye 8. Nikakaa juu ya ndoo nikiitazama, usingizi umenikimbia.

Asubuhi nikapita kununua vitumbua. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naona limenyamaza. Limetolewa?"

"Limetolewa, bibi."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

Akaacha kitumbua kiungue. "Tu? Aliyekuja kwa mdogo wangu alitaka mbuzi na kuku wawili weusi." Akajifuta mkono kwenye kanga, akatoa simu. "Nitajie namba yake. Taratibu."