Sifa za Gereji Bubu
Gereji bubu ni karakana ya magari isiyo na kibao wala leseni, na mara nyingi isiyo na paa. Mfano bora hupatikana Makambako, mkoani Njombe, pale barabara ya Songea inapoachana na ile iendayo Mbeya na Tunduma. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hufika hapo yakiwa yameshapanda mlima Kitonga, na ambayo hayajaharibika huwa yamebakiza kidogo tu.

Vifaa vyake ni vichache: spana zilizofutika namba, jeki inayosaidiwa na gogo, na mpira wa kunyonyea dizeli. Kipimo cha kompyuta hakihitajiki. Fundi huinamisha kichwa, huamuru "piga resi", husikiliza, kisha hutangaza kwamba tatizo ni nozo. Nozo zikibadilishwa na moshi ukabaki palepale, uchunguzi huhamia kwenye pampu, na kutoka pampu hadi gasketi ya silinda hedi. Hivyo gari zima hufahamika, heshima ambayo gari halipewi kwenye karakana kubwa. Nati zinazobaki baada ya injini kufungwa hutunzwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa viwanda vya magari vinajulikana kwa kuzidisha nati.

Kazi huisha kesho.

Faida ya kesho hiyo huonekana mjini. Dereva aliyekwama na utingo wake hulala gesti, hula kwa mama lishe, hununua vocha za simu na, ukiwa mwezi wa Juni, koti la mtumba, maana baridi ya Makambako haina mchezo. Magari yangepona siku hiyohiyo, nusu ya mtaa ingefunga biashara. Fundi hadai shukrani kwa hilo. Hudai hela ya spea tu, na chenji hufuata kesho.

Mabaki nayo yana kazi. Oili chafu hupakwa nguzo na mbao zisiliwe na mchwa; iliyokosa nguzo hutiririka mtaroni. Matairi hukatwa kuwa katambuga, springi hufuliwa mapanga, na rimu huning'inizwa mtini shuleni ili igongwe kama kengele. Ndiyo bidhaa pekee ya gereji inayotunza saa.

Miji mingi huagiza gereji bubu zihamie mbali na makazi ya watu. Agizo huchelewa kutekelezwa pale ambapo gari la kulipeleka liko juu ya mawe humohumo gerejini, likisubiri spea kutoka Dar.