Kayumba au Basi la Njano?

Mke wangu ana daftari ambalo zamani liliandikwa madeni ya vitenge. Siku hizi limejaa ada za shule za msingi, kuanzia Mbagala hadi Kigamboni, na kila akifungua ukurasa mpya mimi napoteza hamu ya kula.

Mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Shule ya serikali, kayumba kama tunavyoiita, iko nyuma ya nyumba yetu. Kengele yake ndiyo saa yetu. Za inglishi midiamu ziko mbali, na basi lao la njano hupita saa kumi na moja alfajiri kuzoa watoto waliolala wima.

Shemeji yangu hataki kusikia habari ya kayumba. "Sekondari masomo ni kwa Kiingereza," ananihubiria. "Huyo mtoto miaka yote ya msingi asome kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza umtupe baharini?" Mama mkwe naye anauliza hayo mahela ya ada anayachuma nani. Nikapendekeza Olympio au Diamond kule Upanga, shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Kumbe wazo hilo kila mzazi wa Dar es Salaam analo.

Basi tukaenda kwenye usaili wa shule moja yenye bembea na geti la umeme. Mwalimu akamsalimu mwanangu kwa Kiingereza. "Faini thenki yu ticha," akajibu. Akaulizwa jina. "Faini thenki yu ticha." Akaonyeshwa picha ya ng'ombe, aseme ni nini. Akaitazama vizuri, akasema kwa Kiswahili safi: "Nyama."

Mwalimu akanigeukia mimi, naye hakubadilisha lugha: kwa nini tumechagua shule hii? Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikaanza, "Bikozi..." Maneno yakakata. Nikasalimu amri: "Basi." Mwalimu akafurahi sana, akadhani nimevutiwa na lile gari la njano, akanitajia nauli yake, ambayo haimo kwenye ada. Wala haimo rimu ya karatasi, karatasi za chooni, sare za michezo, na tai. Tai, kwa mtoto wa miaka sita, kwa joto la Februari la Dar!

Kayumba nako nilichungulia. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto walifurika hadi wakuu wa mikoa wakaagizwa kusaka madawati, na darasa nililoliona bado linafurika. Lakini walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha kwa sauti ya kutikisa bati, na mahitaji yao yalinipa faraja: madaftari, mchango wa uji, fagio la chelewa.

Usiku tukamuuliza mwenyewe. Anataka basi. Shule hapana, basi tu.

Mke wangu akapiga hesabu za mwisho, akafunga daftari. Asubuhi nikawahi kayumba na cheti cha kuzaliwa mkononi. Foleni ilishafika kwenye mwembe. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume aliyejifunika uso kwa bahasha ya kaki, kashika mkono wa binti yake.

"Shikamoo anko!" binti akanisalimu.

"Marahaba. Shemeji, habari za asubuhi?"

"Nzuri," akasema bila kushusha bahasha. "Nimemsindikiza jirani."