Safu ya Ushauri: Krankishafti Inayocheza

Swali la kwanza linatoka mtaa wa Himbi, Goma. Mwulizaji anaeleza kwamba komisionere, yaani dalali wa magari, amemletea Land Cruiser ya zamani yenye turbo, huku akiapa kuwa ilikuwa ya padri aliyeiendesha Jumapili tu. Naye anataka kujua jinsi ya kutambua kama krankishafti imelika pasipo kufungua injini, na kama ni adabu kuitilia shaka mali ya padri.

Jibu. Krankishafti, ambayo mafundi wa Goma waliojifunza kwa Kifaransa huiita vilebrequin, ni mhimili wa chuma wenye vikombo unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka, ambao hatimaye hufika kwenye magurudumu. Mhimili huu haukalii chuma kitupu, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi, yaani vipande vya madini laini vilivyopindwa nusu duara, ambavyo vimefanywa laini kwa makusudi ili vilike vyenyewe na kuunusuru mhimili ulio ghali kuliko vyote. Turbo nayo, ambayo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, moja ikizungushwa na moshi unaotoka na nyingine ikisukuma hewa kuingia kwenye silinda, hunywa oili ile ile. Hivyo oili iliyounguzwa na joto la turbo, au iliyoingiwa na vumbi, huteremka na kuzisaga beringi za krankishafti.

Goma imejengwa juu ya lava, katika mwinuko wa karibu meta 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Ndiyo sababu gari lenye turbo hupendwa sana mjini humo, kwa kuwa turbo hurudisha hewa ambayo mwinuko umeipunguza. Lakini ndiyo sababu pia turbo hiyo hufanya kazi zaidi kuliko ya pwani, huku ikivuta vumbi jeusi la volkano ya Nyiragongo, lenye chembe ngumu zinazokwaruza kama msasa iwapo filta ya hewa imepasuka au haipo kabisa.

Kuhusu padri, habari hiyo hata ikiwa kweli haiongezi bei. Injini inayowashwa mara moja kwa wiki kwa safari ya dakika 10 haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo ndani ya oili, na oili yenye maji haina uaminifu hata ikiwa mwenye gari anao.

Uchunguzi wenyewe huanza kabla ya salamu kwisha, kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa injini imekwisha kupashwa moto, mnunuzi aahirishe na kurudi kesho yake asubuhi bila kutoa taarifa, kwa sababu mlio wa kwanza wa kugonga injini ikiwa baridi, ule mlio wa sekunde chache kabla oili haijapanda, ndio ushahidi ambao muuzaji huuficha kwanza. Kisha oili idondoshwe kwenye karatasi nyeupe na kutazamwa juani. Sumaku itanasa chembe za chuma, lakini haitanasa madini ya beringi, ambayo ni alumini, bati, risasi na shaba. Hivyo anayeridhika kwa kuwa sumaku imetoka safi amepima kitu kingine. Mng'ao wa rangi ya shaba maana yake ni kwamba tabaka la juu la beringi limekwisha kulika. Baada ya hapo gari liendeshwe kupanda kuelekea Munigi, ambako ardhi ilipasuka na kutoa lava mwezi Januari 2002, na linaporudi likiwa na moto kamili, taa ya oili itazamwe injini ikizunguka polepole: taa inayopepesa inadai maelezo, na maelezo kwamba ni waya tu yanapaswa kuthibitishwa kwa geji ya presha.

Linabaki jaribio ambalo wanunuzi wengi hawalijui, ingawa halihitaji hata spana. Mafundi husema mhimili "unacheza" pale unapoweza kusogea mbele na nyuma, na kinachouzuia ni beringi maalumu ya msukumo. Kwa gari lenye klachi ya mguu, mtu mmoja akanyage na kuachia klachi injini ikiwa imezimwa, na mwingine ainamie mbele na kukazia macho puli ya krankishafti, yaani gurudumu dogo linalovuta mikanda. Mchezo unaokubalika kwa injini nyingi ni sehemu ndogo ya milimita, nao kwa kawaida hauvuki milimita 0.3, kiasi ambacho jicho hukikisia kwa shida. Basi puli ikionekana wazi ikitoka na kurudi kama konokono kwenye nyumba yake, mazungumzo ya bei yamekwisha. Ugonjwa huu ulizipa sifa mbaya Mitsubishi Eclipse zenye turbo huko Marekani katika miaka ya 1990. Land Cruiser ya mwulizaji, ikiwa ina injini ya 1HD-T ya lita 4.2 iliyoanza kufungwa mwaka 1990, ina udhaifu wa namna nyingine, kwani beringi za fimbo za pistoni hulika mapema, na hilo halionekani kwenye puli. Muuzaji aulizwe zilibadilishwa lini.

Swali la pili, kutoka Ndosho, linauliza kama dereva wa teksi aing'oe turbo ili injini idumu. Asiing'oe. Aiache injini izunguke polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, abadilishe oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, na anunue filta ya hewa.

Swali la tatu linatoka Majengo. Prado ya mwulizaji inagonga kama mgeni anayebisha hodi. Fundi alimimina oili nzito, kelele ikapotea siku tatu, na iliporudi mke wake alishauri redio iongezwe sauti. Anauliza ni nani kati ya hao wawili aliye sahihi.

Jibu. Mama yuko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu redio haidai kwamba imetengeneza kitu. Oili nzito hujaza nafasi iliyoachwa na beringi iliyolika, na kwa hiyo huziba sauti, lakini asubuhi yenye baridi huchelewa kufika kwenye turbo na kwenye mhimili, na hivyo kuongeza ulikaji ule ule unaofichwa. Mlio wa kugonga ukisikika zaidi pale mguu unapoachia kanyagio la mafuta, mshukiwa ni beringi ya fimbo ya pistoni. Injini ikifunguliwa mapema, krankishafti yaweza kuchongwa ili kipenyo kipungue kwa milimita 0.25 au 0.50, na kuvishwa beringi nene zaidi. Gari hilo lisiendeshwe tena, hata kwenda gereji. Livutwe kwa kamba wiki hii, kabla fimbo haijatoboa ukuta wa injini.