Mambo Saba ya Kukushusha Baiskeli Kati ya Kitale na Bungoma (Mvua Imeshika Namba Tano)

Kabla hujaanza kubisha: ndiyo, nilikuwepo, na nililowa. Tulikuwa wanne, na baiskeli moja aina ya Black Mamba, Probox moja ya kusindikiza, na mbuzi wa dau aliyetungoja Bungoma bila kujua ratiba ya siku yake. Wapinzani nao wanne. Wa kwanza Kitale hadi Kiminini, wa pili hadi Kamukuywa, wa tatu (mimi) hadi Matulo, wa nne amalizie. Unafika, unakabidhi baiskeli, unaingia garini.

Wamarekani wanazo mbio zao za namna hii, Race Across America, za kuvuka nchi nzima kama kilomita 4,800, na timu hupokezana usiku na mchana. Sisi hatukufikisha hata mia moja. Lakini wao hukimbia Juni. Sisi tulichagua Aprili.

Haya, tunahesabu kutoka kero ndogo hadi kubwa. Ukiona nimekosea, panga yako.

7. Anga la asubuhi

Asubuhi Kitale anga husafishwa kama sahani ya mgeni. Usidanganyike. Magharibi ya Kenya mvua imeajiriwa zamu ya alasiri: jua linapasha ardhi, unyevu wa Ziwa Victoria unapanda, na ikigonga saa tisa hivi ofisi inafunguliwa. Sisi tuliondoka saa saba mchana kwa sababu dereva alikuwa hajamaliza chai. Kule Bunyore kuna ukoo wa Nganyi, waleta mvua ambao hata Idara ya Hali ya Hewa imewahi kuketi nao kulinganisha utabiri. Sisi hatukuuliza ukoo wala idara. Anga limeachiliwa huru, washtakiwa ni sisi.

6. Mfuko wa plastiki

Zamani kila mwendesha baiskeli alikuwa nao, mmoja wa kufunika kiti na mmoja wa kuvaa kichwani. Kisha ikaja tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ile ikapigwa marufuku, faini hadi shilingi milioni nne au jela hadi miaka minne. Mwenzetu wa kipande cha pili aliuchomoa wake kutoka mfuko wa shati, umekunjwa vizuri kama hati ya shamba. Basi akaingia Kamukuywa na kofia ya milioni nne kichwani na sandala za mia tatu miguuni. Nywele zake ndizo kitu pekee kikavu alichotufikishia.

5. Mvua yenyewe

Najua. Ulidhani ingeshika namba moja. Hebu fikiri: mvua hukulowesha mara moja tu. Ukishalowa umelowa, haina kingine cha kukufanyia.

Mvua ya mawe ni kesi tofauti. Hiyo ilituwahi Kiminini, na mwendeshaji wetu akabanana na mpinzani wake chini ya kibaraza cha duka, wakisalimiana kwa adabu ya mahasimu. Na si sisi tu. Mwaka 2019 huko Harrogate, Uingereza, mbio za barabarani za wanaume kwenye ubingwa wa dunia zilifupishwa kwa sababu ya mvua, na Mads Pedersen wa Denmark akashinda akiwa ametota. Ubingwa huohuo, mji huohuo, ndiko mbio za kupokezana za wanaume watatu kisha wanawake watatu zilikoingia ubingwa wa dunia mara ya kwanza. Yaani kupokezana na kulowa ni mapacha. Sikubuni mimi.

4. Tope la kwenye madigadi

Matatu ikikupigia honi unashuka pembeni, tope jekundu linajikaza kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kama punda aliyekumbuka nyumbani. Tafuta kijiti. Endelea kusoma.

3. Lori linaloenda Malaba

Ukishaiacha Webuye uko kwenye barabara kuu, ile inayotoka Mombasa hadi Malaba, na malori yake hayana muda wa kukuuliza unaitwa nani. Likipita kwenye dimbwi linakupiga ukuta mzima wa maji. Mengine ya maji hayo yatashuka Mto Nzoia na kufika Budalang'i kabla hujafika Bungoma.

Hata hivyo lori nalipa heshima kidogo, kwa sababu ndilo lililomwogesha mwenzetu wa kipande cha nne. Sababu ya furaha yangu utaiona namba moja. Ukikaribia Bukembe kuna trekta za miwa pia, lakini trekta huangusha muwa mmoja mmoja njiani. Adui anayelipa fidia papo hapo simpi hata namba.

2. Breki

Hapa ndipo watu wa Kitale na wa Bungoma huwa wanagombana. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. "Si ni mteremko tu?" Ni mteremko, ndiyo! Ndiyo shida yenyewe.

Breki ya Black Mamba ni vyuma na vipande vya mpira vinavyobana rimu ya chuma. Rimu ikilowa, mpira unateleza. Unabana, baiskeli inapokea ombi lako na kulipeleka kwenye kamati. Mimi nilisimama kwa visigino na kwa maombi, hadi karibu na Matulo ambapo chuma cha breki kilikatika kabisa.

Mwaka 1913, kwenye Tour de France, foku ya baiskeli ya Eugène Christophe ilivunjika mlimani. Kanuni zilikataza kusaidiwa, kwa hiyo akatembea hadi kijijini akaifua mwenyewe. Bado wakamwadhibu, kisa mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Sasa njoo Matulo. Fundi alishika koleo, mama wa mahindi akashika usukani, watoto sita wakashika kila kilichobaki, na mpinzani wetu akasimama kutoa ushauri. Kwa kanuni za 1913 mimi ningekuwa bado natumikia adhabu.

1. Mwenzako mkavu

Ndiye bingwa, na sisikilizi rufaa.

Ameketi kwenye Probox, vioo vimejaa mvuke, ana hindi la kuchoma mkononi. Safari yote amekuwa akifungua dirisha kiasi cha vidole viwili na kupiga kelele, "Kanyaga, khocha! Kanyaga!" Umefika Matulo unachuruzika, unamnyooshea baiskeli. Anaitazama. Anatazama juu.

"Khocha, si tungoje ipungue kidogo?"

Huyu ni mtu wa Bungoma, kuliko na soko la Chepkube! Baridi kali ilichoma mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikaruka, na kufikia 1976 na 1977 magunia ya kahawa ya Uganda yalikuwa yakivushwa kwa magendo hadi soko lile. Wale hawakuwa na Probox. Hakuna aliyesema gunia lingoje ipungue.

Tulingoja dakika arobaini.

Nikiri kitu: kule Kiminini, wakati wa mawe, mimi nami nilikuwa mkavu. Dirisha langu lilifunguka vidole vitatu. Naamini tofauti hiyo ya kidole kimoja itanitetea.

Bungoma tulimkuta mbuzi amekwisha kuchomwa, wapinzani wametuachia shingo na supu. Na mkavu wetu, sasa ana rangi ya barabara kuanzia kope hadi kisigino, ndiye aliyewahi kunawa mikono.