Mama Mkwe na Rundo la Majani

Kipupwe kikiingia, Juni mpaka Agosti, baba watoto hupata nguvu asizokuwa nazo mwezi mwingine wowote. Kusi inavuma, tope la masika limekauka, usiku joto linashuka mpaka nyuzi 19 hivi na Manzese nzima inatoa masweta. Mwaka huu nguvu hizo akazielekeza uani. Alitangaza kwamba kila Jumamosi ni ya bustani, na bustani yenyewe si ya mchicha tu. Ndege, vipepeo na mijusi nao wapate pa kukaa.

Uani kwetu pana mwarobaini, mpapai, ndoo za rangi zenye mchicha na mishubiri, choo, na kamba za kuanikia za kaya nne. Viumbe tulikuwa nao wa kutosha.

Alianza na maji ya ndege. Alichukua beseni langu la kufulia, akapanga mawe ndani ili vindege visizame, akaliweka juu ya matofali. Alimlenga chozi, kale kandege kanakong'aa kanakonyonya maua ya mshubiri. Aliyeitikia ni kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, na sijasikia kwamba tangu hapo wamekataa mwaliko wa mtu. Mmoja akawa analeta vichwa vya vibua kutoka sokoni na kuvilowanisha beseni mwangu, taratibu, kama mzee anayechovya andazi kwenye chai.

Kisha sabuni zikaanza kupotea. Dada wa chumba cha kona, muuza vitumbua, akamshuku mpangaji mpya. Wakanuniana mpaka kipande cha sabuni ya mche chenye alama za mdomo kilipodondoka kutoka juu ya bati, katikati yao. Hawakuombana radhi. Waligeuka wote wawili kumtazama baba watoto.

Mjumbe naye akaja kuuliza habari za maji yaliyotuama. Dar haijaisahau dengi ya 2019, na mbu wake hapendi mtaro mchafu. Anapenda makopo na mabeseni, humo yai linakuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10. Ikaamuliwa maji yamwagwe kila asubuhi kwenye shina la mpapai. Mpapai ndio pekee usiokuwa na malalamiko.

Hayo yote yalikuwa kabla mama mkwe hajafika kutoka Korogwe na tetea wake.

Alikuta rundo la majani makavu chini ya mwarobaini, ambalo nilikatazwa kuligusa.

"Mwanangu, mkeo anaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mbona uwanja haujafagiwa?"

Baba watoto akaeleza: majani yanatunza unyevu wa ardhi, wadudu wanapata makazi, mijusi inapata chakula.

"Nilikusomesha ili wadudu wapate makazi?"

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliuchambua sana siku ile.

Tetea, kwa upande wake, alilipenda rundo. Akalichimba, akatagia humo, na mama mkwe akaanza kulegea. Alikuwa akienda kuhesabu mayai kila baada ya swala. Jumamosi iliyofuata mayai hayakuwepo. Palikuwa na mkia. Kenge huyo, nadhani, alipanda kutoka Mto Ng'ombe, upande wa Tandale, kwa kufuata mitaro. Kaya nne zikapanda juu ya viti. Baba watoto, naye juu ya benchi, akawa anapiga kelele kwamba asiuawe, kenge anakula panya.

"Panya wangu wametaga lini?" akauliza mama mkwe, na akamwendea kenge na fagio la chelewa mpaka mtaroni.

Hukumu ilitoka jioni. Rundo lihamie nyuma ya choo. Kufagia uwanja ni kazi ya baba watoto, kila Jumamosi, kabla ya chai. Halafu, alipokuwa akifunga kibegi chake kwa safari, mama mkwe akamwita pembeni:

"Baba, kama lazima ufuge vya porini, fuga vyenye asali. Nitakutumia mzinga wa nyuki wadogo, wale wasiouma."

Dada wa vitumbua alisikia. Ameshauliza kama kodi itapungua.