Nyasi Zisizokunywa Maji

Muuzaji wa Kariakoo aliniapia kwamba nyasi zake hazina kazi. "Hazinywi maji, hazikatwi, hazioti magugu. Wewe ni kukaa na kunywa chai tu, mzee wangu." Nikalipa, nikapakia bunda kwenye basi la Tanga. Mke wangu alizipapasa, akaguna: "Mji mzima huu umekula kwa katani, wewe umefuata nyuzi za plastiki Dar?"

Sikumjibu. Nilizitandika uani juu ya sakafu ya saruji, nikazimwagia mchanga wa Raskazone ili zitulie. Mwezi mzima nilikunywa chai kama alivyosema muuzaji.

Kisha ikaja Idi, na shemeji yangu na jiko lake la mishikaki. Makaa mawili matatu yakadondoka. Nyasi za kweli zingeungua zikachipua tena. Zangu ziliyeyuka, zikaacha tundu la ukubwa wa kisahani, kingo zake ngumu kama ukoko.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nikakata kiraka nyuma ya tangi la maji, pasipoonekana, nikanunua gundi ya viatu. Maelezo yalisema ipakwe, iachwe dakika kumi ikauke. Aliyeyaandika hajawahi kukaa Tanga wakati wa masika, chumvi ikigeuka uji koponi na viatu vikiota ukungu chini ya kitanda. Saa nzima gundi ilibaki mlenda. Asubuhi nilikuta paka amekiburuta kiraka hadi chini ya ngazi, na amekilalia.

Nikahamia kwenye supaglu. Sikujua kwamba hii ni kinyume cha mwenzake: yenyewe hukauka kwa unyevu, na unyevu ndio bidhaa pekee tuliyonayo bure. Ilishika kabla sijajiandaa. Ilishika kidole gumba na cha shahada, ikashika na ndala ya kushoto, nami nimepiga magoti, kiganja chini. Jirani yetu, mama mtu mzima, akapiga hodi, akachungulia, akadhani naswali. Akarudi kwao kimyakimya kwa adabu. Baada ya robo saa akaja tena, akanikuta palepale.

"Leo umerefusha, baba," akasema.

Kiraka kilishika, ila kilikuwa cheusi kuliko ndugu zake. Ukikitazama kutoka barazani, utadhani ni mfuniko wa shimo la choo. Hapo nikasalimu amri, nikaita fundi.

Fundi hakuuliza kitu. Alipitisha kiganja juu ya nyasi, akacheka. "Mzee, nyasi zinalala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Hizi zako zinaangalia baharini. Kiraka kinaangalia Korogwe."

Kisha akainua pembe ya zulia, na kicheko kikamwisha. Chini kulikuwa na utelezi wa kijani, jongoo wasiohesabika, na chura aliyetukasirikia kwa kumfungulia mlango. Matundu ya kupitishia maji yalikuwa yamezibwa na mchanga. Sakafu haikuwa na mteremko. Na mchanga wa pwani una chumvi, akanieleza, na chumvi huvuta unyevu. Muuzaji hakunidanganya hata chembe: nyasi zile hazinywi maji. Mvua ikinyesha, hakuna wa kuyanywa.

Mwanangu, ambaye husoma kila kitu baada ya hasara, akaniambia nyasi za aina hii zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani. Paa la uwanja lilipakwa rangi kwa sababu mng'ao wake uliwafanya wachezaji wasiuone mpira, jua likakosa njia, nyasi za kweli zikafa, zikaletwa za plastiki. Yaani walizitandika ndani ya nyumba yenye kiyoyozi. Mimi nimezitandika Tanga, juani na mvuani.

Fundi alizianika siku tatu, akasugua sakafu, akachonga mfereji hadi kwenye mtaro, akazibua matundu. Kiraka kipya alikikata mraba, akahakikisha nacho kinaangalia baharini, akakiunganisha kwa utepe uliopita chini ya kingo zote. Gundi aliipaka saa saba mchana, jua likiwa kali. Juu akamwaga mchanga wa mto uliooshwa. Malipo yake yalikaribia bei ya nyasi zenyewe.

Sasa kila Jumamosi nachana uwanja kwa brashi ngumu ili nyasi zisimame. Juzi kwenye kiungio kumechomoza ukoka, mbichi, umetoka kwa jirani bila nauli. Nikaung'oa. Mke wangu alikuwa dirishani, akashuhudia mumewe akipalilia nyasi ili nyasi zisiharibike, akafunga pazia.

Nawe unayeishi pwani, muuzaji akikuapia kwamba nyasi zake hazinywi maji, usiulize bei kwanza. Muulize nani atayanywa.